Doa Kwenye Monita ya Eksirei

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Doa limekua. Mwezi wa sita lilikuwa kama sarafu, leo limefunika kona yote ya chini, kulia kwa skrini. Na hapo ndipo pafu la kushoto la mgonjwa linapokaa, maana kwenye picha anakuwa ametutazama! Monita hii ina miaka kumi na moja kwenye chumba chetu cha eksirei. Mwaka mmoja zaidi yangu.

Fundi Wilbard amekuja kutoka Ushirombo. Kaifungua, kaipulizia vumbi, kasema kioo chenyewe kimekufa, siyo taa ya ndani. Anacho kingine cha aina hiyohiyo, ametoa kwenye monita ya steshenari moja ya Kagongwa iliyoungua. Anaomba aondoke nayo siku tatu.

Siku tatu! Watu wanatoka kwenye mashimo ya dhahabu na vifua vyao, niwaambie nini? Nimekataa.

Halafu nina ujanja wangu. Naigeuza picha, kama mtu anavyojiona kwenye kioo cha kunyolea. Pafu linatoka chini ya doa linakuja upande mzima, nalisoma, kisha nairudisha ilivyokuwa ndipo naihifadhi. Kubonyeza mara mbili tu. Wilbard ameniangalia nikifanya. Akauliza, Mama Dorah, siku utakayosahau je?

Mimi sisahau, nikamwambia. Kwa kweli alinikera.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Tumebishana na Sista Serafina, mkuu wetu wa kituo cha afya. Yeye hataki kusikia habari ya kutengeneza. Monita mpya imo kwenye kontena la wafadhili, kontena liko bandari kavu ya Isaka, imebaki karatasi moja ya kusaini. Kwa nini tumhangaishe fundi na kikongwe hiki?

Kontena hilo linakuja tangu Pasaka.

Mwishoni akauliza swali moja: unaona au huoni? Nikajibu naona. Basi, akasema, tusubiri.

Ya kugeuza picha sikumwambia. Angeniwekea masharti.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Isaka kimya. Doa limesogea upana wa kidole.

Picha kumi na nne leo — zote nimezigeuza, zote nimezirudisha. Nani anamhitaji fundi?

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Wengine wako kwenye maonesho, sisi ndiyo siku yetu ya kazi. Wachimbaji hawashuki shimoni sikukuu, basi wanakumbuka vifua vyao siku moja! Foleni imefika hadi kwenye bomba la maji. Umeme umekatika mara mbili.

Katikati ya vurugu hiyo akaletwa Mihayo, mchimbaji, mtu wa Samuye, na mkewe Bernadina. Hawezi kulala, anahema ameketi. Hata hivyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma hakuacha: "Mwangaluka, mayu." Nikamwambia baba, usiongee, tunza pumzi. Akacheka, kikohozi kikamshika.

Pafu moja limejaa maji. Daktari wetu yuko likizo, kwa hiyo maelezo nimeandika mimi, Sista akasaini juu juu, maana gari la kwenda hospitali ya rufaa lilikuwa linaunguruma nje. Bernadina alishika CD ya picha kwa mikono miwili. Atapona? akaniuliza. Nikamwambia maji yakitolewa atapumua.

Watu thelathini na mmoja leo. Hakuna aliyerudi bila picha. Nimechoka, lakini roho yangu nyeupe.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Saa tatu na robo asubuhi nimefungua picha ya Mihayo niiingize kwenye rejista. Nikayaona maji. Vizuri kabisa.

Sikupaswa kuyaona! Kama ningeirudisha picha, maji yangekuwa chini ya doa. Nikatazama moyo — umeelekea upande usio wake. Sikuirudisha. Na ile herufi ya madini ya risasi, ya kuweka kando ya mgonjwa ionyeshe kushoto kwenye picha, ilipotea zamani, siku hizi tunaiandika kwa kompyuta, na kompyuta haijui nimegeuza nini. Kwenye CD maji yako kulia. Kwenye maelezo yangu, niliyoandika nikitazama picha hiyohiyo, kulia. Kwenye kifua cha Mihayo yako kushoto.

Wakimchoma sindano ya kutoa maji kulia watatoboa pafu pekee analopumulia.

Simu ya Bernadina haipatikani. Nimepiga mara sita.

Nimeng'oa waya, nikaibeba monita mpaka ofisini, nikaitua mbele ya Sista Serafina juu ya makaratasi yake. Nikamwambia yote. Nikamwambia Jumanne nilikudanganya. Akauliza, na wagonjwa wa leo? Nauli ya kwenda kupiga picha Kahama hawana, ukiwafungia mlango watarudi nyumbani na vifua vyao.

Najua. Najua kuliko yeye. Nikasema chumba kimefungwa hadi Wilbard alete kioo, na nitasimama mlangoni mwenyewe niwaeleze kwa nini. Hakubisha. Akanipa simu yake, yenye namba ya wodi.

Saa nne kasorobo. Nesi wa wodi kapokea. Nimesema Mihayo, wa kifua, siyo kulia ni kushoto, picha ilihifadhiwa ikiwa imegeuzwa, kosa langu. Akaniuliza jina langu, nikamtajia yote matatu. Akasema daktari yuko naye sasa hivi nyuma ya pazia, wameshampaka dawa ya kabla ya sindano. Ngoja, akasema. Kaiweka simu mezani akakimbia. Nimesikia ndala zake zikipotea.

Naandika nikisubiri. Kazi wakiichukua waichukue. Cheti pia. Sista amekaa mbele yangu. Dakika mbili. Kuna mtoto analia huko wodini, kuna mtu anaburuta kitanda. Nne sasa. Bernadina sijamsikia. Kama angekuwa analia ningemsikia?

Ndala zinarudi. Hazikimbii. Zinatembea —