Nyuma ya Kabati

Kawangware, 14 Agosti 1996

Dada Seline,

Sisi tuko, sijui niseme wazima. Nyumba yetu ya Silanga ilibomolewa, na madam ninayemfulia akaniruhusu niweke vitu kwa gereji yake. Nimevipanga vizuri: masanduku ukutani, sufuria juu ya meza, kabati katikati. Madam aliona, akanisifu. Hajui nyuma ya kabati nimetandika godoro, na mwanangu Adhis amejificha hapo tangu Jumatatu, kifua kinambana.

Ijumaa gari ya madam inaingia hapo gereji, vitu vyote vitoke. Nitampakia Adhis basi. Tafadhali mpokee hapo Ahero. Ukimsikia akikohoa ndani ya blanketi amejiziba mdomo, usimgombeze. Ni mimi nilimfundisha.

Mdogo wako,
Rachael