Ruhusa ya Mistari Uliyoiandika

Dodoma, Jumapili, siku ya pili baada ya arobaini yako

Kaka Elia,

Shikamoo. Nimekaa kwenye meza yako. Kiti bado kinayumba; kile kipande cha boksi ulichokiweka chini ya mguu sijakitoa.

Kuna jambo la kazi. Ile programu yetu ya zamu za maji, ya wakulima wa mpunga wa Bahi, tuliifungasha pamoja na zana ya kujengea programu iliyotengenezwa na watu wengine, kwa kuwa mtandao kule ni wa kusuasua, ili waweze kuirekebisha wenyewe bila kutusubiri. Wiki mbili baada ya kukuzika, mtu mmoja anayeitumia akaniandikia. Zana ile huacha vipande vyake ndani ya programu, na leseni ya vipande hivyo haipatani na leseni yetu, kwa hiyo hatuna haki ya kuvigawa pamoja na programu. Nimezisoma zote mbili mara tatu. Ni kweli. Wewe ndiye uliyezoea kuniambia, "Mdogo wangu, soma masharti kabla hujabeba cha mtu." Lakini mvua zilikuwa zimekaribia, tukaharakisha. Hatukusoma, si wewe si mimi.

Ningeweza kuitoa zana, watu wa Bahi wabaki na programu wasiyoweza kuigusa. Au kuongeza kwenye leseni yetu ruhusa ya kuchanganya programu na vipande hivyo, jambo linalotaka wakubali wote walioandika. Tulioandika ni wawili.

Basi juzi, ndugu walipokaa kugawa vitu vyako, mashuka, jembe, baiskeli, niliomba nafasi. Nikaeleza kwamba mistari ya programu uliyoiandika nayo ni mali yako, na sasa ni ya warithi. Baba mdogo akauliza, "Kitu kisichoshikika tunakigawaje?" Watu wakacheka kidogo. Wewe ungecheka zaidi. Wakakubaliana asaini wifi Neema, mkeo, kwa niaba ya wote. Yeye hakucheka. Aliniuliza tu, "Nikisaini, jina lake litafutwa?" Nikamwambia hapana, leseni yenyewe inakataza kulifuta. Akasaini kwa kalamu yako ya bluu, ile isiyo na kifuniko.

Leo nimeiongeza ruhusa. Bahi wataendelea na zana yao. Jina lako liko juu, langu chini yake. Nilipofika mahali pa kuandika "kwa niaba ya marehemu" niliacha, nikaenda kuchemsha chai. Kisha nikarudi nikaandika.

Kwaheri, kaka. Nitasoma masharti kwanza, hata mvua zikikaribia. Nawe huko uliko, ukiikumbuka Bahi, unikumbuke na mimi.

Mdogo wako,
Rehema