Koala wa Kuanguka Amemfungia Mjukuu Wangu Ndani

Mshauri mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, nimeendesha lori la trela tatu kutoka Darwin hadi Adelaide jino likiniuma njia nzima, lakini safari hii mtoto wa miaka minne amenishinda.

Kila Alhamisi huwa nakwenda chekechea ya mjukuu wangu Marnie, hapa Cobar, Australia, kuwasomea watoto vitabu vya picha vya wanyama wetu, na nisijisifu lakini hakuna msomaji kama mimi, kangaruu wangu anaruka mpaka viti vinalia, ila vitabu vyenyewe vinachosha, wombati anachimba, koala analala, unafunua ukurasa mwingine koala bado kalala, watoto wanapiga miayo, basi nikaongeza chumvi kidogo, nikawaambia koala ana kaka yake mkubwa mwenye meno, anajificha juu ya mkaratusi na kuwaangukia watu kichwani, na kinga yake ni kupaka Vegemite, ile rojo nyeusi ya chumvi, nyuma ya masikio badala ya kwenye mkate, jambo ambalo kila mtu nchi hii anajua ni utani wa kuwafanyia wageni, mimi mwenyewe nilimfanyia Mjerumani wa mita mbili akatembea na helmeti siku tatu, tukacheka mpaka machozi.

Sasa watoto kumi na wanne wanafika shuleni masikio meusi, nzi nyuma yao, na Marnie ndiye amezidi, leo siku ya tisa hatoki nje, maana uani kwao kuna mkaratusi, na nikuulize, Cobar utakwenda wapi usikute mkaratusi? Nikamwambia, "Marnie, babu alikuwa anatania." Akanijibu, "Babu, unasema hivyo ili nisiogope."

Mama yake, binti yangu Leanne, amekuja juu. "Baba, usikanyage pale shuleni mpaka mtoto atoke nje!"

Nikamwambia, "Acha mambo, wewe. Si hata wewe nilikusimulia ukiwa mdogo, mbona hukufa?"

"Nilikojoa kitandani mpaka darasa la tatu, Baba. Ulidhani ni kwa nini?"

Hilo sikulijua. Je, ni kweli nimekosa, au watu wa siku hizi hawajui utani? Nijibu upesi, Alhamisi bila wale watoto ni ndefu mno.

Clarrie Hobden, Cobar

*

Clarrie, umekosa. Hilo tumelimaliza.

Mjerumani wako alikuwa mtu mzima mwenye tiketi ya kurudi kwao. Marnie kwao ni hapo hapo, chini ya mti huo. Mtoto wa umri wake anaamini kitabu, na anamwamini zaidi aliyekishika. Eti koala kalala! Koala hulala karibu kutwa nzima, babu wee, ulitaka mchoraji amchezeshe ngoma? Watoto hawakuwa na shida na mnyama aliyelala. Wewe ndiye uliyetaka kuchekewa.

Lakini asiyewapenda watoto haoni Alhamisi ikiwa ndefu, kwa hiyo sikufukuzi.

Anza na Leanne. Nenda ukamwombe radhi kwa ile miaka ya shuka mbichi, bila "lakini" na bila kichekesho mwishoni. Najua kitakuwasha. Kimeze.

Kwa Marnie usieleze tena lolote, maneno yako hayanunuliki kwa sasa. Chukua kiti, kiweke chini ya mkaratusi wa uani kwao, mahali anapokuona kutoka dirishani, ukae kichwa wazi saa nzima, kila alasiri. Usimwite, usimpungie mkono, na ole wako ukitazama juu. Wiki ikibidi, mbili zikibidi. Siku moja mlango utafunguka. Atasimama kizingitini, atapiga hatua tatu, atarudi ndani mbio. Mwache. Atakapofika kwenye kiti chako atakuuliza kama kweli huko juu hakuna kitu. Siku hiyo utakuwa na hadithi tamu kumi kwenye ncha ya ulimi, nakujua.

Sema "Hakuna," kisha nyamaza.