Nilimtoa Mama Mkwe Mikokoni, Nikamweka Karibu na Bomba

Bi Helena,

Shikamoo. Naomba unishike mkono maana hapa nilipo sijui hata nianzie wapi, mimi ni mke wa mtu, naishi Mtawanya na mume wangu Jafari, na tangu masika yaishe nimepata kibarua kwenye timu ya watafiti wanaopima gesi inayovuja hewani kutoka kwenye visima na mabomba, yaani tunazunguka na gari lenye mrija juu ya paa unaovuta hewa, na ndani kuna mashine inayoonyesha kuna methani kiasi gani, kazi yangu ni kukodolea macho kioo chake na kusema imepanda au imeshuka.

Sasa siku moja tukapita kule mikokoni karibu na mdomo wa Ruvuma, alikokuwa anaishi mama mkwe wangu, namba za methani zikapanda mpaka nikashika kifua, na kule siku zote kunanuka mayai viza, basi nikaunganisha mambo mwenyewe, nikarudi nyumbani nikamwambia Jafari mama yako amekalia gesi, twende tukamtoe. Mama hakutaka, Bi Helena, alisema harufu ile amezaa nayo watoto wake wote na mumewe amezikwa palepale, lakini mimi nikashikilia, nikasema mashine haidanganyi, mpaka akachoka kubishana. Tukaezua mabati ya nyumba yake tukaja kumjengea banda hapa kwetu, na njia nzima alikuwa analia akijifuta kwa ncha ya kanga.

Haya, juzi mkuu wetu Isaya akafunga mashine nyingine inayopima ethani, akatueleza kwamba methani inatoka hata kwenye tope linalooza, jalalani, hata tumboni kwa ng'ombe, ila ethani topeni haitoki, hiyo ukiikuta imefuatana na methani ujue ni gesi ya kutoka chini ardhini. Tukarudi mikokoni, methani ipo tele, ethani hakuna hata chembe. Nilitamani gari linimeze. Tukiwa tunarudi mjini tukapita nyuma ya nyumba yangu, pale kuna kituo kidogo cha bomba chenye uzio, upepo unatokea upande huo, na mashine zote mbili zikapanda kwa pamoja, zikashuka kwa pamoja. Isaya akasema ni lazima turudie siku upepo utakapogeuka, na mpaka hapo mtu yeyote asitoe neno nje.

Na hapa kwetu hakunuki kitu, ni salfa tu ya mikorosho wakati wa kupulizia, wageni wote husifu hewa yetu. Mama mwenyewe ameshazoea, kila siku anakaa nyuma ya nyumba na akina mama wenzake wanakaanga korosho kwa moto wa kuni, mgongo wameupa ule uzio. Nilijaribu kumgusia Jafari, akaniuliza, "Umemtoa mama kwake kwa ajili ya gesi, sasa unataka kumtoa kwangu kwa ajili ya gesi hiyohiyo?" Hata mimi sijui kama ni hiyohiyo au siyo, sijui kama mashine ilinidanganya mwanzo au inanidanganya sasa, nikisema na nikakosea tena nani atanisikiliza, na kibarua je, na mama ameshaanza kuniita daktari wa hewa mbele za watu na wanacheka. Nifanye nini?

Niliyechanganyikiwa, Mtawanya

JIBU

Wewe mwanangu, marahaba. Umenijazia karatasi kwa habari za aibu yako, moto ukauwekea mstari mmoja.

Pole, kwanza. Najua ulimtoa mama yule kwa mapenzi, wala hukumtoa kwa jeuri. Lakini ulikuwa na papara. Mashine haikukudanganya mikokoni: ilikwambia kuna methani, na kweli ipo. Haikukwambia inatoka bombani, hilo uliliongeza wewe na pua yako. Hii ya sasa imekwambia jambo jingine, na bosi wako alishakufundisha maana yake. Kwa hiyo Jafari akikuuliza tena, mjibu hivi: kule ni tope linaoza, hapa kuna dalili ya bomba kuvuja, na mama yako anawasha kuni mbele yake.

Mimi si mtaalamu wa gesi, sijui inavuja kidogo au nyingi. Na wewe hujui. Ndiyo maana moto huo haukai pale hata siku moja zaidi. Wahamishe akina mama wote na makarai yao, halafu wewe na Jafari muende kwa mwenyekiti wa mtaa, awaite zimamoto na wenye bomba waje wakague. Wasipoona kitu, mtakuwa mmechekwa tu, na kuchekwa umeshakuzoea.

Isaya anataka kurudia vipimo, arudie hata mwezi mzima, ni haki yake. Lakini kumnyamazisha mtu ambaye mkwe wake amekaa upande upepo unakoelekea si haki yake, mwambie hivyo usoni. Akikufukuza, niandikie tena, tutamjua vizuri.

Kwa mama usiende na habari za ethani. Piga magoti, sema ulikosea kumtoa kwake. Mabati yake ni yake. Akitaka kurudi mikokoni, Jafari akayaezeke upya, na wewe umshikie ngazi.

Namba uliyoiandika chini ya barua niliipiga leo asubuhi kabla sijaandika neno, kwa sababu gazeti hili linatoka Jumamosi. Alipokea mama mkwe wako, akasema huwa unaiacha simu nyumbani ukienda visimani. Siri yako sikuitoa. Nilimwomba tu auzime moto na wahame pale nyuma, nikasikia maji yakimwagwa. Kisha akaniuliza, "Mkwe wangu analijua hili?" Nikamwambia unalijua. Akasema hatamuuliza mtu mwingine yeyote, anakungoja wewe urudi umwambie.