Kipande cha Kufungia Wimbo

Loretta mwanangu,

Maharage yako jikoni, mkate wa mahindi nimeufunika. Kuku hawajala. ~~Usinisubiri kula.~~ Nisubiri, nitarudi kabla ya saa kumi na mbili.

Nimekwenda kwa mjomba wako Estill, na banjo ya baba yako nimeichukua. Asubuhi uliponikuta nikihangaika nayo ulisema, "Mama, iache tu. Baba hakuwa akipiga hivyo." Ni kweli. Kidole gumba changu kinachelewa, na zile kucha zake za chuma, za kuvaa vidoleni kupigia nyuzi, zinanipwaya.

Lakini wewe ulikuwa Ohio miaka yote ile. Kila aliporudi kutoka mgodini, hata buti hajavua, alipiga kile kipande kifupi cha kufungia wimbo, nami nikajua amefika salama. Tangu tumzike, kila jioni masikio yangu yanamngoja.

Estill ndiye aliyemfundisha. Nitamwomba anifundishe hicho kimoja tu. Nikikipata, nitakipiga mwenyewe jioni, halafu nifunge mlango nikalale. Ukinisikia nakosea, usiseme kitu. Njoo ukae karibu yangu.

Mama yako