Bastola ndani ya mfuko wa unga

Furaha, mjukuu wangu, sisi huku Uvira tuko, na mama yako amepona malaria. Unauliza kama ubebe bastola isiyo na karatasi, kwa kujilinda tu. Tangu nisome barua yako sijatulia.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Bahati alificha ya kwake, yenye risasi, ndani ya mfuko wa unga tukienda Luvungi. Kwenye bariyeri askari akaipata.

"Ni ya nani?"

"Ya kwangu. Dada yangu hajui kitu."

Nilikuwa najua tangu asubuhi, na nilinyamaza. Jaji hakuuliza kama alitisha mtu, kuibeba kulitosha. Akafungwa miaka mitano. Mama yetu nilimzika minye peke yangu.

Alipotoka hakunilaumu hata mara moja, na hilo linaniuma mpaka leo. Usiibebe, Furaha. Unipigie simu ukimaliza kusoma, hata kama umekasirika.

Koko yako, Mariamu