Kitanda cha Tatu

Dada yangu Mkubwa,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote naulizia goti lako, maana najua baridi ikianza ndilo la kwanza kulalamika. Namuulizia Mama na usingizi wake wa mang'amung'amu, na wanao wote watatu, hasa kitinda mimba na meno yake mapya. Sisi huku tu wazima. Mimi nimepita uzima: nimenenepa, naimba nikifua, na jirani wa chini ameshagonga dari kwa mpini wa fagio mara mbili, akasema kwa sauti ya kusikika ngazi nzima kwamba harusi ina mwisho wake. Labda yake. Yangu ina miezi minne na haijaisha.

Barua yako ilifika Jumanne. Hukuniandikia mimi, ulimwandikia mume wangu, na salamu hukutia hata moja. Aliifungua mezani huku bisibisi ndogo ya kukazia miwani ingali katikati ya vidole vyake. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja kwa kufuata mikunjo yako ileile, akasema dada anayempenda ndugu yake kiasi hicho ana haki ya kusema. Basi. Akarudi kwenye skrubu yake. Mimi niliisoma alipokwenda dukani, nikairudia, na kila nikiirudia damu inanichemka. Ndiyo maana anayekujibu ni mimi.

Umemwita mchoyo. Umemwita nyoka aliyevaa tai. Shangazi Mdogo ameniandikia kwamba uliitisha kikao kizima ukasimama katikati, ukasema mwanaume huyo alikukata kwenye safari ya kwenda kumwona Kaka kwa sababu aliona haya kulala chumba kimoja na mjane mwenye mafuta ya goti, na kwamba mguu wake hautakanyaga nyumba ya Mama maadamu wewe uko hai. Eti Mama alitaka kusema neno ukamwambia anyamaze, anywe dawa. Dada, umenilea na nakuheshimu, lakini huo mdomo ungekuwa kisu, nyumbani kwetu asingebaki mtu na masikio.

Unamjua wewe huyu unayemtukana? Ulimwona siku tatu za harusi, na siku mbili kati ya hizo ulikuwa ukikagua masufuria. Mimi naishi naye. Mteja mzee akija dukani kujaribu miwani, mume wangu huipasha kwanza fremu kwenye kifua cha shati lake ili isimguse yule mzee ikiwa ya baridi. Kwa nani umeona hilo? Asubuhi huamka kabla yangu, na chai naikuta imefunikwa kisahani. Nikikohoa hata mara moja, anafunga dirisha. Nikimwangalia kwa muda mrefu anauliza kama ana wino usoni, nami nashindwa kumwambia kwamba namwangalia tu, kwa sababu ni wangu. Huyo ndiye nyoka wako.

Sasa nikueleze siku ya tiketi, kwa kuwa umeisimulia kwa watu ambao hawakuwepo, na wewe mwenyewe hukuwepo.

Huku mwenyeji anakata tiketi ya treni dirisha lolote analotaka. Mgeni kutoka nchi nyingine, kama sisi, ana dirisha moja tu, ghorofa ya pili ya stesheni, linafunguliwa asubuhi na kufungwa adhuhuri. Treni ya kwenda kwa Kaka ni moja kwa wiki, na katika treni nzima wageni wametengewa behewa moja. Nafasi zake zinafunguliwa siku arobaini kabla ya safari. Kule basi halifiki. Kaka alikuwa na likizo ya wiki moja tu kabla kampuni haijamhamishia kiwanda kingine, mbali zaidi, ambako hata hiyo treni haiendi, na mkataba wa huko ni miaka mitatu. Haya unayajua. Ulinipa nakala ya pasipoti yako, ukaniambia miaka minane hujauona uso wake, nisije nikafanya mzaha.

Tulifika jua linachomoza, tukakuta foleni imeshashuka ngazi. Nyuma yetu alikuwa mchuuzi wa kofia mwenye mzigo mkubwa kuliko yeye, na kila foleni ilipokwama alinisukuma kwa magoti kana kwamba mimi ndiye mlango. Karani wa dirisha wageni wote humwita Bi Muhuri. Ana muhuri mmoja wa mpini wa mbao, na anaupiga kama anaua mende. Mzee mmoja mwenye ndevu aliambiwa kwamba picha yake haifanani naye, basi arudi nyumbani amlete yule wa kwenye picha. Wanafunzi wawili aliwauliza kama kwao hakuna treni mpaka waje kuzimaliza za wenzao. Mtu akijaza fomu kwa wino wa bluu anarudishiwa, maana wino ni mweusi tu. Nilipogundua kwamba kalamu yangu ni ya bluu, mchuuzi wa kofia aliniazima yake, kisha akataka apite mbele yangu kwa shukrani. Nikamwambia apite juu ya maiti yangu. Akasema maiti haina haraka ya kusafiri. Watu wakacheka, nami nikatamani kumvisha kofia zake zote kwa mpigo mmoja mpaka zimfike shingoni.

Tulipofika dirishani mume wangu alimwamkia Bi Muhuri vizuri, akamwomba samahani kwa kumsumbua. Yule mama akasema maneno matamu ni ya chumbani, pale anataka karatasi. Akadai nakala ya ukurasa wenye muhuri wa kuingilia nchini, jambo ambalo halikuandikwa popote. Mashine ya nakala iko nje, ng'ambo ya barabara. Mume wangu akashuka mbio na pasipoti zetu mbili, mimi nikabaki kushika nafasi. Aliporudi ameloa jasho, nafasi za wageni zilikuwa zimebaki mbili tu. Mbili, Dada. Na ziliandikwa majina yetu papo hapo, hazibadilishwi.

Unajua alisema nini huyo mchoyo wako? Aliniangalia pale ngazini, akasema yake apewe Dada, mimi na wewe tuende, kwa kuwa Kaka ni wetu na yeye atamwona siku nyingine. Nikamwambia haiwezekani, jina limeshapigwa muhuri. Akasema atarudi kwa yule karani apige magoti. Nililia mpaka akaacha. Basi huyo ndiye uliyemvua nguo mbele ya shangazi zetu. Nataka uitishe kikao kingine, umwombe radhi kwa sauti ileile uliyomtukania.

*

Mpaka hapo niliandika jana. Niliiacha barua mezani nikaenda kuanua nguo, na mume wangu aliporudi akaisoma. Sikumkataza, kusema kweli nilitaka aione. Nilimkuta amekaa, miwani ameivua, anajifuta macho kwa kiganja kama mtoto. Akasema tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtetea kwa maandishi. Akaniomba nipunguze ukali kidogo, hasa pale pa kisu na masikio, kwa sababu uchungu wako wa kumkosa Kaka ni wa kweli hata kama umempiga asiyehusika. Kisha akanibusu kwenye paji la uso.

Sikuweza, Dada. Nilijaribu kulibeba busu lile mpaka jikoni na sikufika nalo.

Nafasi hazikuwa mbili. Siku ile behewa lilikuwa na nafasi tele. Mume wangu alipokuwa ng'ambo ya barabara, Bi Muhuri alizipanga karatasi zetu tatu mbele yake, akasema watatu wa fomu moja wanapewa chumba cha vitanda vinne, na kile cha nne atalala mgeni yeyote atakayetokea. Nikauliza kama wewe ungeweza kuwekwa chumba cha wanawake. Akasema asiyesimama dirishani hana fomu yake mwenyewe. Ama aingie kwenye fomu ya nduguze ama asiingie kabisa. Halafu, nadhani kwa kutaka kunichokoza, akasema kimebaki chumba kimoja cha watu wawili, chenye komeo kwa ndani, na kwamba hajawahi kuona maharusi wanaolala na shemeji juu ya vichwa vyao. Mchuuzi wa kofia akacheka mpaka mzigo ukamponyoka.

Nilinyoosha mkono, nikaivuta nakala ya pasipoti yako, nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya blauzi. Nikasema tuko wawili.

Hakunishawishi mtu. Usimtafutie Bi Muhuri matusi, wala yule mchuuzi. Na usidhani ni penzi tu lililonipumbaza, ingawa jana ningekwambia hivyo. Nilikuwa nimechoka nawe. Tangu nikiwa na miaka tisa umelala chumba nilicholala, umenichagulia viatu, umejibu maswali niliyoulizwa mimi. Siku ya harusi yangu uliingia chumba tulichoandaliwa ukatandua kitanda ukakitandika upya kwa sababu kona hazikukunjwa unavyotaka. Nilisimama mlangoni na nguo yangu nyeupe nikakuangalia ukipiga mito. Nilitaka siku mbili, siku mbili tu katika maisha yangu, ndani ya mlango ambao wewe huna ufunguo wake.

Nikazipata. Sitakudanganya tena, zilikuwa tamu. Tulifunga komeo. Alinimenyea machungwa dirishani, akanisomea majina ya vituo kwa sauti ya mtangazaji mpaka tumbo likaniuma kwa kucheka. Nililala kitanda cha chini naye cha juu, mkono wake ukining'inia usiku kucha ili niushike. Sikukukumbuka hata mara moja. Hilo nalo uliandike.

Halafu treni ikafika. Kaka alikuwa amesimama jukwaani amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari. Ana mvi, Dada. Alinikumbatia, akampa mume wangu mkono, na huku mkono wa mume wangu ungali ndani ya wake, macho yakatupita. Alikuwa anaangalia mlango wa behewa. Nilikuwa nimekuomba wewe umwambie kwamba huji, na wewe ulishindwa, ulitaka nimweleze mimi ana kwa ana. Kwa hiyo alisubiri. Akauliza kama Dada anashusha mizigo. Akapanda mwenyewe, akapita chumba kwa chumba, akaona vyumba viwili vitupu, mashuka bado yamekunjwa. Ndipo mhudumu alipomwambia ashuke, anafunga. Aliposhuka alichukua begi langu, akatangulia. Kwenye simu alikwambia wewe alichokiona, ukahesabu vyumba vitupu, ukapata jibu. Jibu lilikuwa sahihi, mtu ndiye siye.

Kwenye barua yako uliandika kikulacho ki nguoni mwako, ukimkusudia mume wangu. Methali hukukosea. Ulikosea nguo. Yeye ni wa kuja. Mimi ndiye wa nguoni.

Nilimwambia yote jana, nimesimama na kapu la nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: pale ngazini, alipotaka kukupa wewe tiketi yake, nilikuwa nimeshaificha karatasi? Nikasema ndiyo. Akavaa miwani yake. Tangu hapo anazungumza nami kama anavyozungumza na mteja, kwa upole na kwa ufupi. Chai asubuhi nimeikuta imefunikwa kisahani kama siku zote, ila yeye alikuwa ameshatoka, na dukani hawafungui mpaka saa mbili. Jirani wa chini leo hana sababu ya kushika fagio.

Sikuombi msamaha, maana nakujua, utanipa haraka kwa kuwa mimi ni mtoto wako wa kulea, halafu utabaki na hasira umtafutie yeye. Naomba kikao. Shangazi walewale, chumba kilekile, na Mama asiambiwe anywe dawa. Wasomee barua hii yote, na pale nilipokutukana usiruke. Kisha mwandikie shemeji yako, utie na salamu, umwambie nyumba ya Mama ni yake. Kama ni lazima awepo mtu wa kubaki nje ya mlango ule, nibaki mimi, mpaka siku utakayoona inatosha.

Hasira yangu kwako haijaisha, nayo nakwambia. Mashuka yale ya siku ya harusi nilikuwa nimeyatandika vizuri. Lakini miaka mitatu ya uso wa Kaka sina pa kukununulia, hata nikisimama kwenye foleni ile mpaka nizeeke.

Mbusu Mama mikono yote miwili. Wanao wape salamu zangu, wakiuliza nakuja lini waambie wewe ndiye unayejua. Goti ulifunge kitambaa cha sufu, usijitie ujasiri.

Mdogo wako,
niliyekunyima Kaka.